Mas'ala ya Khuntha na Choo cha Watu Wote

Jua, ewe ndugu yangu, ya kwamba khuntha mushkil ni mja aliyezaliwa haijulikani kuwa ni mwanamume au mwanamke. Wanavyuoni wa Kishafii humhukumia kwa ihtiyati: mbele ya wanaume ni kama mwanamke, na mbele ya wanawake ni kama mwanamume. Na katika kustanji, mawe hayamtoshi kwa tupu ya mbele, sharti maji.

Suala: Akikuta vyoo viwili tu, ataingia kipi?

Jawabu: Enyi mjengao vyoo vya misikiti na masoko Nachingwea na Ruangwa, mwekeeni chumba cha peke yake, chenye mlango na maji. Amfukuzaye amemzuilia tohara, na pasipo tohara hapana sala, nayo ni faradhi juu yake kama ilivyo juu yetu. Na kumdhihaki ni haramu (Al-Hujurat, aya 11).

Wallahu aalam.