Giaboksi ya Otomatiki Inayovuja Tena Baada ya Kutengenezwa



Usinge, wilayani Kaliua katika Mkoa wa Tabora, ni kituo cha Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, jirani na njia ya kale ya misafara iliyounganisha Tabora na Ujiji. Leo wakazi wake husafiri pia kwa magari madogo, na mengi kati ya hayo ni magari yaliyotumika yatokayo Japani, yenye giaboksi ya otomatiki. Gari la namna hiyo likiharibika mbali na mji, hasara si ya mwenye gari peke yake: mgonjwa huchelewa hospitali, na bidhaa huchelewa soko.

Somo hili linahusu tatizo ambalo walaji wengi hulilipia zaidi ya mara moja, yaani oili ya giaboksi inayoendelea kuvuja hata baada ya kutengenezwa. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: usilipie kifaa kabla ya kuthibitishiwa mahali panapovuja na sababu ya pale kuvuja.

1. Kazi ya oili katika giaboksi ya otomatiki

Katika giaboksi ya kawaida, oili hulainisha meno ya gia. Katika giaboksi ya otomatiki, oili ina kazi nyingine mbili zaidi: hupeleka msukumo unaobana klachi za ndani, na huondoa joto. Kwa hiyo, ikipungua, klachi huteleza. Zikiteleza, joto hupanda. Na joto likipanda, oili huungua na klachi huliwa. Dalili zake ni gari kuchelewa kuondoka baada ya kuweka D, injini kunguruma bila mwendo kuongezeka, na harufu ya kuungua. Ukiona dalili hizi, simamisha gari. Uvujaji uliopuuzwa hugeuza gharama ya sili moja kuwa gharama ya giaboksi nzima.

2. Mfano wa kujifunzia

Mwenye gari mmoja husafirisha abiria na mizigo kati ya Usinge na Kaliua. Katika msimu wa mvua aliona madoa mekundu chini ya gari. Fundi wa kwanza akabadilisha gasketi ya sampo. Baada ya wiki mbili madoa yakarudi. Fundi wa pili akabadilisha sili ya ekseli. Madoa yakarudi tena. Fundi wa tatu alitaka kwanza gari lioshwe chini. Akakuta kitundu cha kupumulia cha giaboksi kimezibwa na tope. Hewa ya ndani ilipopata joto ilitanuka, ikakosa pa kutokea, ikasukuma oili kupitia kwenye sili. Kitundu kilisafishwa, oili ikarekebishwa kufikia kiwango chake, na uvujaji ukakoma.

Mafundi wawili wa kwanza hawakuwa wezi. Walitengeneza palipoonekana oili, si pale ilipoanzia tatizo.

3. Kutambua oili inayovuja

Egesha gari mahali tambarare, utandike kipande cha boksi chini yake usiku kucha. Asubuhi angalia rangi na mahali pa doa.

Oili mpya ya giaboksi kwa kawaida ni nyekundu, na huwa ya kahawia kadiri inavyotumika. Zipo pia oili za rangi nyingine. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi au ya kahawia iliyokolea. Maji ya rejeta huwa ya kijani, ya waridi au ya buluu, na hayana utelezi wa oili. Maji safi yasiyo na rangi, baada ya kutumia kiyoyozi, si tatizo.

Ikiwa oili inapungua lakini hakuna doa chini, kagua maji ya rejeta injini ikiwa imepoa. Katika magari mengi, oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta. Kipoza hicho kikitoboka, oili na maji huchanganyika, na mchanganyiko hufanana na maziwa yenye rangi ya waridi. Gari hilo lisiendeshwe tena mpaka litengenezwe.

4. Kutafuta chanzo

Gari likiwa katika mwendo, upepo hupeleka oili nyuma, na uzito wake huipeleka chini. Kwa sababu hiyo, tone huweza kudondoka mbali na chanzo chake. Mwombe fundi afuate hatua hizi:

(a) Aoshe sehemu ya chini ya giaboksi na kuikausha kabisa.
(b) Gari liendeshwe kwa muda wa nusu saa hivi, kisha likaguliwe mara moja.
(c) Atafute mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa. Hapo ndipo penye chanzo.

Sehemu za kukaguliwa ni gasketi ya sampo, mabomba yaendayo kwenye rejeta, sili za ekseli au ya propela, sili ya mkono wa gia, kitundu cha kupumulia, na sili ya mbele iliyo kati ya injini na giaboksi. Hii ya mwisho haifikiwi bila kushusha giaboksi, kwa hiyo kazi yake ni kubwa na malipo yake ni makubwa. Tena, sili ya nyuma ya injini huvujia mahali hapo hapo. Usikubali giaboksi ishushwe kabla ya kutofautisha oili hizo mbili.

Yeyote anayeingia chini ya gari azuie magurudumu kwa vizuizi na alitegemeze gari kwa stendi imara. Jeki peke yake au matofali si tegemeo.

5. Kwa nini uvujaji hurudi

Sili huvuja kwa kuzeeka, lakini pia huvuja kwa sababu iliyo nje yake. Bushi ikiliwa, shafti hucheza na kuharibu sili mpya. Shafti ikichimbika mfereji mahali inapogusana na sili, sili mpya haitabana. Sampo iliyogongwa na jiwe hupinda, na gasketi mpya haitaisaidia. Bolti za sampo zikikazwa kupita kiasi hupindisha kingo zake. Zinahitaji nguvu ndogo, tena kwa kipimo cha mtengenezaji. Oili ikijazwa kupita kiasi hutoa povu na kutokea kwenye kitundu cha kupumulia.

Dawa za kuzuia kuvuja zinazochanganywa na oili hulainisha na kuvimbisha mpira wa sili. Huweza kupunguza uvujaji wa sili iliyokauka kwa muda, lakini haziponyi bomba lililotoboka, bushi iliyoliwa wala sampo iliyopinda.

6. Oili sahihi na kiwango sahihi

Oili za giaboksi hazilingani. Giaboksi ya mkanda, ambayo wengi huiita CVT, ina oili yake, na haifai kutiwa oili ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki. Hata gari za Toyota hutofautiana: zipo zinazotumia T-IV na zipo zinazotumia WS. Soma kitabu cha gari au maandishi yaliyo kwenye kijiti cha kupimia.

Katika magari mengi yenye kijiti, kipimo huchukuliwa giaboksi ikiwa na joto la kazi, gari likiwa tambarare, injini ikinguruma taratibu, baada ya kupitisha mkono katika gia zote na kurudi P. Baadhi ya magari hayana kijiti; hayo hupimwa kwa bolti maalumu na kwa joto lililowekwa na mtengenezaji. Fundi asiyejua utaratibu huo asikisie.

Oili chafu isimwagwe ardhini wala karibu na kisima. Ihifadhiwe kwenye dumu lenye kifuniko.

7. Makubaliano na fundi, na haki yako

Kabla ya kazi, omba maandishi yanayotaja chanzo kilichoonekana, sababu yake, kifaa kitakachobadilishwa, aina ya oili, bei, na dhamana kwa siku au kilomita. Unaweza kusema: “Fundi, nionyeshe panapovuja kabla hujafungua, na ukimaliza, nirudishie kifaa cha zamani.” Fundi mwaminifu hataona neno hilo kuwa tusi. Ukilipa, dai risiti na uitunze.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusu bidhaa bandia, zikiwamo oili na vipuri vyenye nembo ya kughushi. Malalamiko ya aina hizo hupelekwa Tume ya Ushindani. Yale ya ubora hafifu wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Hata hivyo, anza na fundi mwenyewe, ukiwa na maandishi, risiti, picha na kifaa cha zamani. Mlaji asiye na ushahidi huwa na neno lake tu.

8. Gari likikwama njiani

Usiliburuze gari la otomatiki magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa ardhini. Injini ikiwa imezimwa, pampu ya oili haifanyi kazi, na giaboksi huzunguka bila kulainishwa. Lipakie juu ya lori, au yainuliwe magurudumu hayo. Kulisukuma ili liwake nako hakufai kitu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mahali tone linapodondokea si lazima pawe chanzo?
2. Taja sababu tatu zinazoweza kuharibu sili mpya.
3. Fundi anataka kushusha giaboksi. Utamwomba akuonyeshe nini kwanza?
4. Je, una maandishi gani ya matengenezo ya mwisho ya gari lako?