Jalada la Majeruhi Mbele ya Mahakama: Mafunzo ya Milipuko ya Agosti 7, 1998

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, kesho yake ikiwa sikukuu ya Nane Nane, magari mawili yaliyosheheni vilipuzi yalilipuka kwa kupishana dakika chache tu: moja kwenye Ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, jingine kwenye ubalozi wa nchi hiyo hiyo Dar es Salaam, katika Barabara ya Laibon. Nairobi waliuawa watu 213 na kujeruhiwa zaidi ya 4,000. Dar es Salaam waliuawa 11 na kujeruhiwa 85. Miongoni mwa wale 11 hakuwamo Mmarekani hata mmoja.

Mhudumu wa zahanati aliye Lisekese aweza kuuliza mambo hayo ya mijini yamhusu nini. Yamhusu kwa sababu mbili. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani humu humu Mtwara, kilishambuliwa na watu waliovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Ukatili wa namna hiyo hauchagui jiji. Sababu ya pili ndiyo kiini cha somo hili: majeruhi wa 1998 walikaa mahakamani karibu miaka 20, na katika muda wote huo waliulizwa jambo ambalo tabibu pekee ndiye awezaye kulijibu kwa maandishi, yaani waliumia wapi na kwa kiasi gani.

Tuanze na mwili. Mlipuko huumiza kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja. Mshindo wa hewa hupasua ngoma za masikio, mapafu na matumbo, pengine bila alama yoyote juu ya ngozi. Vipande virukavyo huchoma. Mwili wenyewe hurushwa ukagonga ukuta. Kisha hufuata moto, vumbi na majengo yanayoporomoka. Mapafu yaliyopigwa na mshindo yaweza kuonyesha dalili baada ya saa nyingi, hivyo aliyekuwa karibu na mlipuko asirudishwe nyumbani upesi kwa kuwa anatembea na kuzungumza.

Nairobi ilifundisha jambo moja la uchungu kuhusu macho. Kabla ya bomu kubwa ulisikika mlipuko mdogo wa guruneti, na watu wengi katika maofisi ya jirani wakaenda madirishani kutazama kuna nini. Vioo vikawakuta hapo. Wengi walipoteza jicho moja au yote mawili. Kwa jicho lililotoboka, mhudumu asilikamue wala asichomoe kipande kilichokwama. Alifunike kwa kinga ngumu isiyoligusa, kikombe cha karatasi chatosha, na ampe mgonjwa rufaa siku hiyo hiyo. Aandike pia kila jicho linaona nini: vidole, mwanga, au giza tupu. Jicho la pili nalo lifuatiliwe, kwa kuwa kinga ya mwili yaweza kulishambulia jicho zima baada ya mwenzake kujeruhiwa, wiki, miezi, hata miaka baadaye.

Sasa tugeukie mahakama. Upande wa jinai, watu wanne walitiwa hatiani New York Mei 2001 na kuhukumiwa kifungo cha maisha Oktoba mwaka huo. Mmoja wao, Khalfan Khamis Mohamed wa Zanzibar, alikuwa amekamatwa Cape Town mwaka 1999. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua baadaye kwamba kumkabidhi kwa Marekani bila ahadi ya kutomnyonga kulikiuka katiba. Mzanzibari mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akapitia Guantanamo, na kushtakiwa New York mwaka 2010. Jaji alimkataa shahidi muhimu kwa kuwa jina lake lilipatikana kwa kumtesa mshtakiwa. Ghailani alifutiwa mashtaka zaidi ya 280, akapatikana na hatia katika shtaka moja la njama, na hilo moja likampa kifungo cha maisha. Hapa nyumbani, Mahakama Kuu ilimwachia huru mshtakiwa mmoja mwaka 2004. Kesi nyingine New York ziliendelea hadi 2015.

Upande wa madai ndio unaotuhusu zaidi. Shauri la Owens dhidi ya Sudan lilifunguliwa Washington mwaka 2001, likidai kwamba serikali ya Sudan iliwapa waliolipua hifadhi na msaada. Badiliko la sheria la 2008 liliwafungulia mlango wafanyakazi wa ubalozi wasio Wamarekani pamoja na familia zao. Mpita njia wa Nairobi aliyepofuka akiwa ofisini kwake mwenyewe hakufunguliwa mlango huo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo dhuluma kubwa kuliko zote katika habari hii.

Jaji John Bates aliwateua wakaguzi maalumu kupima dai la kila mtu kwa viapo na kumbukumbu za matibabu. Viwango vilipangwa kwa uzito wa jeraha: kama dola milioni 1.5 kwa mwenye athari nzito za kiakili na jeraha dogo la mwili. Milioni 2 hadi 3 kwa mifupa iliyovunjika au usikivu uliopungua. Hadi milioni 7.5 kwa aliyelazwa miezi na kupasuliwa mara nyingi. Hukumu za 2014 zilipita dola bilioni 10. Mei 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Opati, iliruhusu hata fidia ya adhabu. Fedha zilizolipwa hatimaye zilitokana na mapatano: Sudan ilitoa dola milioni 335, ikaondolewa Desemba 2020 katika orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi, na wasiokuwa raia wa Marekani wakagawiwa pungufu.

Msomaji ataona kwamba tofauti ya ngazi moja na nyingine ilitegemea maneno machache ya daktari. “Majeraha mengi usoni” hayampimi mtu. “Jeraha la sentimita 4 juu ya jicho la kulia, limeshonwa, jicho hilo linaona mwanga tu” humpima, hata baada ya miaka 16.

Katika mahakama zetu karatasi hiyo ni fomu ya polisi namba 3, PF3. Matibabu ya dharura yasisubiri fomu. Hilo lisiwe na mjadala. Lakini ikishafika ijazwe kwa hati inayosomeka, pamoja na saa, jina na cheo cha aliyeijaza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mshtakiwa haki ya kutaka daktari aitwe kuhojiwa juu ya taarifa yake, na fomu nyingi zimeondolewa katika ushahidi kwa sababu hakuelezwa haki hiyo. Kwa hiyo aliyeandika ajue kwamba anaweza kuitwa.

Kwa mgonjwa, nasema hivi. Vipande vya kioo vyaweza kujitokeza kwenye ngozi miaka mingi baadaye. Masikio yakaendelea kuvuma. Usingizi ukikatika kwa ndoto za tukio, ukishtuka kwa kila kishindo, ukikwepa mahali palipokukumbusha, na hali hiyo ikapita mwezi mmoja, huo ni ugonjwa wenye jina na tiba. Fika Mkomaindo au Ndanda, ueleze, na uombe iandikwe. Mume, mke na watoto wa aliyeuawa nao waliumia. Katika mashauri ya Washington maumivu yao yalihesabiwa.

Nakala ya muhtasari wa matibabu apewe mgonjwa siku anayoruhusiwa. Aihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na mchwa na paa linalovuja, pamoja na kadi zote za kliniki zitakazofuata.