SOMO LA MWEZI: MLIMA JUU YA MADHABAHU

Masomo: Zaburi 121, Mathayo 17:1–8

Twajua jinsi Mungu alivyokutana na watu wake mlimani: Musa kule Sinai, Eliya kule Horebu, na wale wanafunzi watatu waliopanda pamoja na Bwana. Si ajabu wachoraji nao kuvutwa na milima. Lakini je, yafaa picha ya mlima kuwekwa madhabahuni?

Swali hili lilizuka Dresden, Ujerumani. Mwishoni mwa mwaka 1808 Caspar David Friedrich, mchoraji Mlutheri, alionyesha kwake picha aliyoitengeneza kwa mfano wa picha za madhabahu. Ndani yake hamna Mariamu wala mitume. Pana kilele cha mwamba chenye misonobari, na juu yake msalaba mwembamba wenye sanamu ya Bwana. Jua lenyewe halionekani, liko nyuma ya mlima. Twaona miali yake tu. Na sanamu ile imeelekea kwenye nuru, si kwetu tunaotazama.

Mwaka 1809 mhakiki Basilius von Ramdohr aliishambulia vikali gazetini. Kwake, picha ya mandhari haikuwa na haki ya kupanda madhabahuni. Friedrich akaeleza: mwamba ni imani iliyo thabiti, misonobari isiyopukutisha majani ni tumaini, na Kristo msalabani airudishia dunia nuru ya jua linalotua.

Kwa maoni yetu, hofu ya Ramdohr haikuwa ya bure. Mtu aweza kusisimkwa na uzuri wa mlima akadhani amekwisha kuabudu. Mtunga Zaburi aliinua macho milimani, lakini msaada aliutaja kuwa watoka kwa Muumba. Friedrich naye hakutuacha kileleni. Tazameni fremu, iliyochongwa na Kühn kwa maelekezo yake: chini kuna masuke ya ngano na mzabibu. Jicho lashuka kutoka mlimani hadi mkate na divai.

(Hata hivyo picha ilinunuliwa na jamaa ya Thun wa Tetschen, ikatundikwa katika chumba cha kulala! Sasa imo katika jumba la sanaa Dresden.)

Kwa mazungumzo ya kikundi: Petro alitaka kujenga vibanda pale mlimani. Kwa nini hakuruhusiwa kukaa? Tena, picha hii ingewekwa kanisani kwetu, mzee asiyejua kusoma angeona nini kwanza, mlima au msalaba?