SOMO LA JUMA: Seva saba zilibadilishwa, ya nane ikasahauliwa

Juma hili tunaziacha bei za hisa kando kidogo, tutazame jambo ambalo mwekezaji mdogo halioni katika mahesabu ya kampuni: namna inavyobadilisha programu za kompyuta huku mitambo ikiendelea na kazi.

Mitambo ya simu, mashine za ATM na mita za umeme zinazosomwa kwa mbali haziwezi kuzimwa zote kwa pamoja. Programu mpya huingizwa kwa zamu, mashine moja baada ya nyingine. Kwa muda fulani ya zamani na mpya hufanya kazi bega kwa bega, na hapo ndipo penye hatari. Gharama yake ilionekana katika soko la hisa la New York.

Knight Capital ilikuwa kampuni kubwa ya kununua na kuuza hisa nchini Marekani. Mwishoni mwa Julai 2012 iliingiza programu mpya katika seva 8 zilizopeleka oda sokoni. Seva 7 zilipata, moja ikasahauliwa, na hapakuwa na fundi wa pili wa kuhakiki. Ndani ya seva hiyo ilibaki programu ya kale, iliyoachwa kutumika tangu 2003 bila kufutwa. Tena, alama iliyokuwa ikiiwasha ndiyo iliyochaguliwa kuwasha ile mpya.

Asubuhi ya Agosti 1, 2012, kabla ya soko kufunguliwa, mfumo wenyewe ulituma barua-pepe 97 zilizotaja kosa hilo. Hazikushughulikiwa. Soko lilipofunguliwa, programu ya kale iliamka ikamwaga oda bila kujua zipi zimekwisha kutimizwa. Katika kuhangaika, mafundi waliiondoa programu mpya kwenye seva 7 zilizokuwa salama. Sasa zote 8 zikawa na kosa lile lile.

Kwa dakika 45 hivi, mauzo na manunuzi zaidi ya milioni 4 yalifanyika katika hisa za aina 154. Hasara ilizidi dola milioni 460. Kwa siku mbili hisa za Knight zilipoteza zaidi ya asilimia 70 ya bei. Wawekezaji wapya waliiokoa kwa dola milioni 400, wanahisa wa zamani wakabaki na sehemu ndogo, na mwaka 2013 kampuni ikaunganishwa na Getco.

Mwenye hisa katika benki, kampuni ya simu au ya umeme aulize haya katika mkutano mkuu:

1. Je, programu mpya hujaribiwa kwanza kwenye mashine chache?

2. Nani wa pili anayehakiki kwamba kila mashine imepata?

3. Mambo yakiharibika, nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi mara moja, na njia ya kurudi nyuma imewahi kujaribiwa?

Kampuni ikikosa majibu, pima mara mbili kabla ya kuongeza hisa.