Kuipa Ngoma ya Kompyuta Mkono wa Mtu

Sisi tutengenezao muziki baina ya Migori na Homa Bay tuna mtihani wetu, nao ni kwamba msikilizaji wa huku amelelewa na ngoma za ohangla zilizowambwa ngozi ya kenge, na muziki wa benga wa akina D. O. Misiani, aliyetoka Shirati, ng'ambo tu ya mpaka, upande wa Tanzania. Basi ukimpigia ngoma iliyopangwa kwa kompyuta, kila pigo likiwa sawasawa na mwenziwe kwa wakati na kwa nguvu, huitambua papo hapo, akakaa kitako asicheze.

Wengi hukimbilia kitufe cha kubahatisha, kisogezacho mapigo ovyo huku na huko. Mimi sikipendi hata kidogo, kwani mpigaji stadi habahatishi: akichelewa, aghalabu huchelewa pale pale kila mzunguko, na akipiga kwa upole, sababu imo mkononi mwake.

Nikiuweka mwendo mapigo 130 kwa dakika, pigo moja huchukua takriban milisekunde 461, na robo yake 115. Ngoma kubwa ya mguu siigusi, maadamu ndiyo nguzo ya wachezaji. Ngoma ya sneya huirudisha nyuma milisekunde 10 hadi 15, na daima kwa kadiri ile ile. Ama matoazi, ambayo ndiyo yafichuayo mashine kabla ya kitu kingine, nguvu yake, ipimwayo kutoka 1 hadi 127, huipa 100 juu ya pigo, na 72 hivi baina ya mapigo. Na pale ngoma zote zinapomwagika kuingiza kiitikio, huyafuta kabisa, maana binadamu hana mikono mitatu. Anayedhani milisekunde 10 si kitu na akumbuke kuwa sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hata mpiga gitaa aliyesimama mita tatu na ushei kutoka kwenye ngoma huisikia imechelewa kiasi hicho.

Lakini lenye faida kuliko yote halimo katika programu. Mwite mpiga nyangile, ile ala ya kugonga ya Kiluo, umwekee kipaza sauti kimoja, umwache apige wimbo mzima, usimkatize wala usichukue kipande chake kizuri ukakirudiarudia. Kisha mapigo yako uliyoyapanga uyasogeze yamfuate yeye, ilhali desturi ya studio nyingi ni kumkata yeye vipande na kumnyoosha aifuate mashine.

Mwisho, pale magitaa yanapopamba moto, huupandisha mwendo polepole kutoka 130 hadi 132, kwa kuwa bendi iliyo hai haikosi kuharakisha mahali hapo, na sijamwona mchezaji wa Rongo wala wa Mbita akilalamika.