Tiba za Saratani: Maelezo kwa Wakazi wa Mbulu na Hanang
Saratani hutibiwa kwa upasuaji, mionzi au dawa, na mara nyingi kwa zaidi ya njia moja. Uvimbe usiosambaa huweza kuondolewa kwa upasuaji, huduma itolewayo pia Haydom, hospitali iliyofunguliwa wilayani Mbulu mwaka 1955. Mionzi huhitaji safari hadi kituo kinachoitoa, kama vile Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na matibabu huweza kuchukua majuma kadhaa. Hivyo malazi yapangwe kabla mgonjwa hajaondoka Katesh au Dongobesh. Dawa huzifuata chembe za ugonjwa zilizotawanyika mwilini. Nywele zikinyonyoka, hiyo si dalili ya kushindwa kwa tiba, wala dozi isikatishwe kwa sababu hiyo. Ugonjwa usipoponyeka, tiba shufaa hutuliza maumivu, hata kwa mofini. Hiyo nayo ni tiba, na jamaa wa mgonjwa wasisite kuiulizia.