Nyumba ya Samaki ya Kioo

Zamani watu wa Ulaya walizoea kuwafuga samaki wadogo katika bakuli la kioo. Maji yalichafuka upesi, na samaki walikufa wasipobadilishiwa maji mara kwa mara. Mwaka 1850 mtaalamu wa kemia wa London, jina lake Robert Warington, alieleza jaribio lake. Alitwaa chombo cha kioo, akatia maji, mchanga, mawe, mmea wa majini, na samaki wawili wa rangi ya dhahabu. Alijua ya kuwa mmea upatao mwanga hutoa oksijeni, ndiyo hewa waivutayo samaki majini.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kisha majani makuukuu yakaoza, na maji yakaingia utelezi wa kijani. Warington hakukata tamaa. Alitia konokono wa maji, nao wakayala yale yaliyooza, hata maji yakatakata tena. Hivyo ilionekana ya kuwa chombo kile ni kama ulimwengu mdogo, na kila kiumbe kilichomo kina kazi yake.

Lakini katika maji mna kazi nyingine isiyoonekana kwa macho. Samaki hutoa mwilini mwao sumu iitwayo amonia. Sumu hii haina rangi. Maji huweza kuwa maangavu kabisa, na samaki wakafa. Juu ya mchanga na mawe huishi bakteria, vijidudu vidogo mno. Baadhi yao huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana, na mimea huitumia kama mbolea. Katika tangi jipya bakteria hawa ni wachache, na mara nyingi huchukua wiki 4 hata 6 kuongezeka. Basi mtu anunuaye tangi leo na kulijaza samaki kesho, huwaua kwa pupa yake. Haraka haraka haina baraka.

Anayeanza kazi hii na afuate taratibu hizi. Tangi la lita 40 lafaa kuliko bakuli dogo, kwa kuwa maji mengi hayabadiliki upesi. Maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 40, kwa hiyo meza haina budi kuwa imara. Tangi lisiwekwe juani, maji yasije yakapata moto na kuota utelezi wa kijani. Lioshwe kwa maji matupu, bila sabuni. Mchanga usuuzwe mpaka maji yake yawe safi, kisha mimea ipandwe. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi mchana na usiku, ili klorini ipungue.

Wakati wa kungoja, chembe chache za chakula cha samaki zitiwe majini kila siku. Zikioza hutoa amonia, na bakteria hupata riziki yao. Ziko dawa za kupimia maji: amonia na nitriti zisipoonekana tena, na watiwe samaki wawili au watatu wadogo, kama gapi. Chakula chao kiwe kile wawezacho kukimaliza kwa dakika mbili au tatu. Kila wiki robo ya maji ibadilishwe, wala si maji yote.

Jambo moja la Warington lisifuatwe ovyo. Katika Afrika ya Mashariki baadhi ya konokono wa mabwawa na mito hubeba vijidudu vya kichocho, ambavyo humwingia mtu kwa kupenya ngozi yake. Basi konokono na maji ya bwawa visitiwe tangini. Majani yaliyooza yaondolewe kwa mkono.

Samaki wa mtoni akiudhiwa na maji mabaya huweza kuhama. Samaki wa tangini hana pa kwenda; uhai wake u mikononi mwa mtunzaji wake.

MASWALI
1. Konokono wa Warington walifanya kazi gani?
2. Kwa nini maji maangavu huweza kuwaua samaki?
3. Eleza kazi ya bakteria katika tangi.
4. Kwa nini haifai kutwaa konokono wa bwawani?